Wenye mnaanza uhasibu mwaka huu, tafuteni duka la kuandikia mahesabu

Karibuni sana wote mnaoingia koleji kusoma CPA (cheti cha mhasibu wa umma) ama diploma ya uhasibu. Kuna kitu kimoja nataka mjue mapema juu mimi nilikijua nikiwa nimeshachelewa. Tafuta duka. Liwe la shangazi yako, liwe la vipuri hapo Kirinyaga Road, Nairobi, hata kibanda cha mama mboga, omba uwaandikie mahesabu bure miezi mitatu hivi.

Darasani utafanya debiti na krediti mpaka uziote usiku, na usiruke hata moja, mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu Kenya, haikuachi upite kwa kubahatisha. Lakini swali la mtihani limeshapangwa, namba zote zimewekwa hapo ndio mwishowe zibalansi. Ofisini unapewa bahasha ya risiti, nusu zimefutika wino, na statimenti ya M-Pesa kurasa arobaini.

Mapema 2025 nikiwa atachmenti, wiki ya kwanza nikapewa nilinganishe kitabu cha pesa na statimenti ya till ya M-Pesa. Kitabu kilizidi kwa 3,840. Siku mbili nzima nimeketi hapo, mimi mwenye darasani nilikuwa napita rikonsilieshoni, yaani huko kulinganisha vitabu, kila mara, nikijumlisha upya na upya na jibu ni lile lile, nikaanza kujiuliza kama hii kozi ni yangu kweli. Dada mwenye alikuwa ananifundisha akaniambia wacha kujumlisha, chukua kalamu nyekundu, piga tiki mstari kwa mstari huku na kule, chenye kitabaki bila tiki ndio shida yako. Zikabaki mbili tu: mteja alikuwa amelipa 3,500 mara mbili akarudishiwa moja na hakuna mtu aliandika kurudishiwa, na makato ya 340 ya kutoa pesa. Hadi leo nafanya hivyo.

Payroli, mahesabu ya mishahara, nayo ndio ilinishtua zaidi. Noti zangu zilikuwa bado na NHIF, bima ya afya ya zamani, na huku SHIF, ile iliyochukua nafasi yake, ilishaanza Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, halafu kuna ya nyumba 1.5 na mwajiri anaongeza 1.5 yake. PAYE, kodi ya mshahara, inalipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20. Sheria zikibadilika soma mwenyewe kwa KRA, mamlaka ya kodi, usingoje mwalimu.

Ekseli jifunze, hiyo hata si ya kubishana. Na kama unafanya kazi mchana, usijaze karatasi zote sita za Foundation, ngazi ya kwanza ya CPA, kwa mpigo mmoja, chukua tatu uzielewe.

Sasa hiyo ya duka, ukifika usianze kuuliza madeni, watu wanaogopa sana kuonyesha nani anawadai. Anza na mauzo ya siku peke yake, kila jioni, kwa daftari ya mistari. Shangazi yangu ilimchukua karibu mwezi kabla anipe kile kitabu cha madeni mwenyewe, bila mimi kuomba.