Meza ya mninga nipake nini ising'ae kama plastiki?

SWALI: Mwangaluka fundi. Niko huku Buzuruga, nimechongewa meza ya chakula ya mninga, imepigwa randa safi ila haijapakwa kitu. Fundi anataka kuipiga vanishi, mie sitaki, makochi yangu yanang'aa kama sahani ya plastiki, nataka mbao ionekane mbao. Jirani anasema nipake mafuta ya alizeti ya kupikia eti yanatosha. Ni kweli?

JIBU: Mwangaluka dada. Alizeti usipake kabisa, yananata muda mrefu na vumbi lote la barabarani linaganda hapo, na mawese ndo hayakauki kabisa hata ungoje mwaka, mwisho yanachacha meza inaanza kunuka. Wewe tafuta mafuta yanayokauka yenyewe, yakishakunywewa na mbao yanakutana na hewa yanakuwa magumu humo humo ndani, ndo maana hayang'ai, vanishi yenyewe inakaa juu kama ngozi. Mie natumia linsidi, yale ya mbegu za kitani, ulizia ya kuchemshwa maana mabichi yanaweza kukuweka wiki kadhaa.

Piga msasa namba 120, kisha 180, malizia 220, fuata nyuzi za mbao. Futa vumbi. Paka kidogo kwa kitambaa cha pamba, acha dakika 15 hadi 20, halafu futa yote yaliyobaki juu, futa mpaka ukipitisha kiganja kitoke kikavu. Wengi wanaharibu hapa, wanayaacha mengi wakidhani mbao itayanywa usiku, asubuhi meza inanata kama imemwagiwa asali. Rudia mara 3, kila ukipaka subiri siku moja au mbili, kipindi cha masika na unyevu huu wa ziwa ongeza.

Rangi itakolea kidogo. Chukua kipande kilichobaki, pitishia kitambaa chenye maji, ile rangi unayoiona kikiwa kibichi ndo inakaribia ya mafuta.

Na nakuomba sana dada'ngu, vile vitambaa usivikunje ukavitupa. Linsidi ikikauka inatoa joto, kwenye bonge la kitambaa joto linakosa pa kutokea, kinawaka chenyewe bila kiberiti. Nilipoanza kazi niliacha bonge juu ya maranda, jioni nikarudi kufuata simu niliyosahau nakuta moshi, nakifungua kitambaa katikati kimeungua cheusi tii na nje bado kizima, mikono ilinitetemeka maana karakana yote mle ni mbao. Siku hizi natandaza kimoja kimoja juu ya jiwe nje, na hapa Mwanza mawe hayakosekani, mpaka vikakamae kama karatasi ndo natupa.

Ukimaliza ipe wiki 2 au 3 kabla ya kuanza kulia ugali na sato hapo. Sufuria ya moto iwekee kitu chini, mafuta hayavumilii kama vanishi ngumu, ila ikitokea alama unapiga msasa 220 hapo hapo tu na kupaka tena, huhitaji kubandua meza nzima.