Leza ya faiba na shaba: mkuu, usilipe kianzio kwanza

Simamisha hayo malipo, mkuu. Umesema unafungua karakana Makambako, muuzaji kakuahidi leza ya faiba, mashine inayokata metali kwa mwanga, ya kilowati 1.5 "yenye kristali ndani", inakata chuma, alumini na shaba bila wasiwasi. Unauliza kama ni kweli. Hayo maneno ya kristali ndiyo tuliyouziwa mimi na shemeji.

Ndani ya mashine hizo hakuna kristali. Kuna uzi wa kioo (ndiyo faiba yenyewe) uliotiwa iterbiamu, aina ya metali, umeviringishwa, na diodi zinausukumia mwanga mpaka utoe leza ya nanomita kama 1070. Faiba ya kristali ni kitu kingine: kijiti chembamba cha kristali iitwayo YAG, chenye iterbiamu, unene wa milimita 1 au pungufu, kinachotoa nanomita 1030. YAG inapitisha joto mara kadhaa zaidi ya kioo, ndiyo maana maabara zinaitumia kwenye amplifaya, yaani vikuza mwanga, za mapigo mafupi ya leza yenye nguvu kubwa. Mkata mageti haimhusu, na isingetuokoa na kilichotukuta.

Kilichotukuta ni mwanga kurudi. Msimu wa kahawa mteja kutoka Mbozi alileta bati la shaba la ngoma ya mashine ya kumenyea, tulikate kwa vipimo na kutoboa matundu ya skrubu. Cheche moja, kengele ikalia, mashine ikazima. Tulipoiwasha, chuma cha milimita 3 ilichokuwa inakipasua asubuhi ikawa inakikwaruza tu. Fundi alipofungua, ncha ya faiba ilikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya ulezi. Bei ya chanzo kipya, yaani sehemu inayotengeneza leza, ilikaribia nusu ya mashine nzima.

Shaba safi ikiwa bado baridi inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya mwanga huo. Ikishayeyuka ndipo inaanza kuumeza, kwa hiyo hatari kubwa iko mwanzo, pale unapotoboa. Bati likilala bapa chini ya kichwa cha kukatia, mwanga unarudi njia ileile na kuingia kwenye faiba ambayo kazi yake ni kukuza mwanga. Faiba haichagui upande. Itaukuza hata ukienda kinyumenyume, na huko nyuma kuna diodi na maungio.

Tulipompigia muuzaji akajibu, "Kaka, shaba si kazi ya mashine hiyo." Huyohuyo ndiye aliyetuonyesha video ya shaba inakatwa! Garantii ilikuwa imezitoa metali zinazoakisi, ukurasa wa mwisho, kwa Kichina. Aliyajua hayo akanyamaza mpaka hela ilipoingia. Kwangu huo ni wizi.

Sasa fanya hivi. Muulize kwa maandishi: chanzo kina kinga gani ya mwanga unaorudi? Kuna aizoleta (kizuizi kinachopitisha mwanga upande mmoja tu), au kihisi kinachozima mashine papo hapo? Garantii inasemaje kuhusu shaba na alumini? Kisha akate shaba ya unene unaoutaka, mbele ya macho yako, kwenye mashine utakayoondoka nayo. Video usiipokee. Akikwambia "usijali", rudi nyumbani na hela yako.

Akishakuandikia, bandika hapa majibu yake na modeli ya chanzo, tuyapitie kabla hujatuma kitu.