Unataka kusomea jinomu za mimea? Anzia shambani, laptopu itakusubiri

Kila zikikaribia tarehe za maombi ya skolashipu napata meseji za wadogo zangu walioko vyuoni, na wengi wanauliza swali lile lile, kaka nataka kuwa mtafiti wa jinomu za mimea, nianze na kozi gani ya kompyuta? Huwa najibu, ila kila nikimaliza naona kuna kitu kikubwa nimekiacha, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu. Mi nafanya kazi na muhogo, mwaka wa kumi na moja huu, na anayefanya mtama au migomba nadhani sehemu kubwa tutaelewana.

Jinomu ni maandishi yote ya vinasaba yaliyomo ndani ya seli ya mmea. Ya muhogo yana herufi kama milioni 750, zimepangwa kwenye jozi 18 za kromosomu. Ngano inakaribia herufi bilioni 17, wakati sisi binadamu tuna kama bilioni 3. Kazi yetu ni kuyasoma hayo maandishi, halafu kutafuta ni kipande gani hasa kinafanya muhogo wa huyu uozee ardhini na wa jirani yake utoke mweupe.

Ugonjwa wa muhogo unaotutoa machozi huku kwetu ni michirizi ya kahawia. Mnaotoka Pwani, Lindi, Mtwara, Kilifi mnaujua hata kama jina hamlijui. Shamba unaliona limependeza, majani ya kijani, unang'oa unakata mhogo, ndani umeingia mabaka ya kahawia makavu, hauliki na sokoni hakuna wa kuuchukua. Vinavyoleta ni virusi, vinabebwa na inzi weupe, na pia tunavibeba wenyewe tunapogawiana pingili zenye ugonjwa. Mtafiti Storey aliuandika mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, kule milimani Tanga, na kwa miaka mingi ulikuwa ni wa ukanda wa pwani na maeneo ya chini, hadi 2004 ukaonekana Uganda, juu kabisa, na kuanzia hapo ukazidi kusambaa.

Sasa hapa Amani naomba unisikilize vizuri. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1950 hivi, watu wa pale walikuwa wanachanganya muhogo na ndugu yake wa porini anayeitwa Manihot glaziovii, ule mti wa mpira uliopandwa sana Tanga wakati wa Mjerumani. Walichukua poleni ya huku wakaipeleka kule, wakapanda mbegu, wakachagua iliyosimama, wakairudisha tena kwa muhogo ili ipate mizizi mizuri, na wakaandika kila hatua. Umbo la DNA, ile kemikali inayobeba vinasaba, lilikuja kujulikana 1953! Yaani walianza hiyo kazi hakuna hata mmoja duniani aliyejua DNA inafananaje. Halafu 2016 ikatoka kazi kubwa iliyolinganisha jinomu za muhogo wa sehemu mbalimbali, na ndani ya mihogo mingi ya Afrika vikakutwa vipande virefu vya huyo ndugu wa porini, kimoja kikubwa kiko kromosomu ya 1, kingine ya 4. Vilipoonekana kwenye kompyuta watu walijua vimetoka wapi, kwa sababu kumbukumbu za Amani zilikuwepo. Na Namikonga, aina ya muhogo ambayo wakulima wa kusini wanaipanda hadi leo, Kenya wanaiita Kaleso, ukiipima vinasaba inarudi kwenye uzao huo huo wa Amani. Mi nikisoma habari hii mwili unanisisimka mpaka leo.

Ndo maana nasema anzia shambani.

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi nilipewa kukusanya majani ya aina za wakulima vijiji kadhaa vya Pwani. Nilikuwa na haraka, nafika nauliza jina, nachuma jani, naandika jina kwenye mfuko naondoka. Nyumba moja mama mmoja aliniangalia naandika akaniambia, "Mwanangu, hiyo uliyochuma pale kwa shemeji yangu mnaiita jina moja na hii yangu, lakini siyo moja, angalia kikonyo, ya kwake chekundu, hii kijani, na hii ikifika mwaka haiozi." Nikamwambia asante mama, sikuandika. Miezi saba baadaye majibu ya kusikwensi, yaani kusoma herufi za jinomu, yakarudi, jina lile moja likagawanyika makundi matatu tofauti kabisa na mi sikuwa na rangi ya kikonyo, sikuwa na picha, sikuwa na namba ya shamba, sikuwa na njia yoyote ya kujua kundi lipi ndo lile lisilooza la yule mama. Hela ya mradi ilishaisha. Nilirudi kijijini mwaka uliofuata kwa nauli yangu, nikakuta shamba limeshalimwa ufuta. Hii nimeibeba moyoni na sitaki ikukute na wewe.

Kwa hiyo ukienda fildi chukua picha ya mmea mzima, ya kikonyo, ya jani changa la juu, ya shina na ya mhogo uliokatwa, andika GPS, andika jina analolitumia mwenye shamba na nani alimpa hiyo mbegu, na maneno yake yaandike kama alivyoyasema. Lebo andika kwa penseli, wino wa kalamu ukiguswa na ethanoli unafutika. Jani chuma changa lile la juu kabisa, weka kwenye silika jeli, zile punje za kukausha unyevu, siku hiyo hiyo, maana jani lililokomaa la muhogo lina ute na sukari nyingi, DNA inatoka inavutika na PCR, ile njia ya kuzidisha nakala za DNA, inagoma. Na ukipima usafi wa DNA kwenye mashine ya mwanga usifurahie tu kwamba uwiano wa 260/280 umekaa 1.8, angalia na 260/230 pia, hiyo ndo itakwambia kama uchafu umebaki.

Kompyuta nayo lazima, sisemi uiache. Jifunze Linux, mfumo wa kompyuta unaouamrisha kwa kuandika, mpaka uwe huogopi ile skrini nyeusi, jifunze R, lugha ya kuchambua takwimu, na Python, lugha nyingine ya programu, kidogo kidogo itakuja. Jinomu ya muhogo ni bure kwenye intaneti, unaipakua usiku huu ukitaka, hiyo ya rejea, yaani ambayo wote tunalinganishia, imetoka kwenye muhogo wa majaribio AM560-2 uliotengenezwa CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo Kolombia. Ila andika kila siku ni toleo gani unatumia, nafasi za herufi kwenye toleo la 6 hazilingani na za toleo la 8, nimeona mtu analinganisha majedwali mawili wiki tatu kumbe ni matoleo tofauti. Data ghafi weka sehemu tatu na usiiguse, fanyia kazi kopi. Kwa mafunzo usidhani lazima upande ndege kwenda mbali, pale ILRI Nairobi, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, maabara ya BecA imefundisha watu wengi sana wa ukanda wetu, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni Dar wanafanya virusi vya muhogo, na kile cha Naliendele Mtwara ndo sehemu mojawapo walikopanda watoto wa Namikonga na muhogo mwingine uitwao Albert, mmoja mgumu na mwingine dhaifu kwa michirizi, ili kuona ni kromosomu zipi zinabeba huo ugumu. Andika barua omba kujitolea, hata kama utaanza kwa kuosha vyombo vya labu.

Vitendanishi, yaani kemikali za labu, vitachelewa bandarini, umeme utakatika fridji ikiwa imejaa, panga ratiba yako ukiwa unalijua hilo.

Mi kesho saa kumi na moja alfajiri naondoka, shamba letu limetimiza miezi 12 na ni siku ya kung'oa. Tunakata kila mhogo vipande, tunaupa alama 1 mpaka 5, 1 ni mweupe, 5 umeharibika, mmoja anakata mwingine anataja mwingine anaandika, mpaka jioni. Safari hii nimemwomba yule mama wa kikonyo tuje naye, amekubali, atakaa kwenye kutaja.