Weusi wa Miguu ya Meza Usiochafua Kanzu

Jumamosi iliyopita nimekabidhi meza ya kulia ya watu sita, uso wa mninga, miguu ya paini iliyotiwa weusi. Kabla mteja hajahesabu pesa nilichukua kitambaa cheupe, nikakilowesha, nikausugua mguu mmoja mbele yake. Kikatoka cheupe vilevile. Fundi mwenzangu uliyeniandikia wiki hii kuuliza natumia rangi gani, nitakujibu, lakini kwanza ujue kwa nini natembea na kitambaa.

Miaka minne nyuma, karakana yangu pale Keko ikiwa bado changa, nilipata oda ya meza kama hiyo, itoke kabla ya Idi. Nilikuwa nimesikia kwamba Wajapani huchoma mbao za kuta zao zikawa nyeusi na zikadumu. Nikaichoma miguu kwa moto wa gesi mpaka ikawa nyeusi tii. Nisichokijua ni kwamba masizi yale lazima uyasugue kwa brashi ya waya mpaka yaishe. Nikapaka vanishi juu yake, muda ulikuwa umenibana, nikapeleka.

Siku ya Idi vanishi ikaanza kubanduka pembeni. Mwenye nyumba akakaa kula, goti likagusa mguu wa meza, kanzu mpya ikapata mstari mweusi wa kiganja kizima, wageni wakiangalia. Saa tisa alasiri meza ilirudi kwa mkokoteni, miguu juu, ikipitishwa mbele ya mafundi wote wa mtaa wetu. "Umeniuzia mkaa," aliniambia. Nilirudisha pesa yote. Nimetengeneza meza nyingi tangu hapo, na nzuri, lakini neno lile halijanitoka.

Sasa jibu lako. Si rangi. Ni misumari na siki.

Chukua misumari ya kawaida, usichukue ya bati kwa sababu ile imepakwa zinki. Itie kwenye siki nyeupe, iache wiki nzima, na kifuniko cha chupa usikikaze maana mle ndani inatoka gesi. Kisha chuja kwa kitambaa. Bila shaka umewahi kuona msumari kwenye ubao ulionyeshewa mvua unavyoacha doa jeusi lisilofutika. Kinachotokea ni hichohicho: chuma kinakutana na tanini, ule ukakasi wa asili wa mti, weusi unazaliwa ndani ya nyuzi zenyewe. Mbao hazijavalishwa kitu cha kubanduka.

Paini ina tanini kidogo, ukipaka hivihivi utapata kijivu. Ipe chai, yenye tanini tele. Chemsha majani mengi mpaka chai iwe chungu ya kutonyweka, paka, acha ikauke, ndipo ulete maji ya misumari. Utaona ubao unageuka machoni pako, kahawia, kijivu, kisha mweusi, ndani ya dakika chache. Hata leo huwa nasimama kuangalia. Paini yangu inatoka Sao Hill na majani ya chai ni ya Mufindi hukohuko, basi nahisi kama nimewakutanisha majirani.

Msasa upige kabla: namba 120, halafu 180, lowesha ubao nyuzi zisimame, zikikauka malizia na 240. Na miguu ipakwe kabla hujaiunga na uso. Tone moja lilinidondokea kwenye mninga uliokwisha kulainishwa, msasa ukashindwa, ikabidi nipige randa uso mzima upya.

Kisha subiri. Hapa ndipo vijana wengi mnapoharibu, na nasema kwa sababu niliharibu mimi. Mteja anakusukuma, kodi ya karakana inakusukuma, na kopo la vanishi liko mkononi. Liweke chini, fundi. Huyo anayekusukuma leo ndiye atakayekurudishia meza kesho, na hatakumbuka kwamba alikuharakisha. Acha miguu ilale usiku mzima, uifute kwa kitambaa chenye maji safi, uiache ikauke tena. Vanishi iwe tabaka tatu nyembamba, na katikati yake msasa upite kwa mkono mwepesi, hasa pembeni, kwa kuwa weusi haujaenda mbali ndani ya ubao.

Mwisho toa kitambaa cheupe, kiloweshe, sugua kwa nguvu pale goti litakapogusa. Kikitoka na weusi hata kidogo, mwenye mkokoteni asubiri.