Swali la lugha: Je, rozela "inaathiri" ubongo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza juisi ya rozela hapa Sinza. Mwanangu anayesoma chuo kaniandikia bango: "Rozela ina flavonoidi zinazoathiri mishipa ya ubongo." Tangu nilibandike, wateja wananiuliza kama juisi yangu ina sumu. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba, dada. Mwanao hakudanganya: flavonoidi ni kemikali za asili za mimea, na rozela inazo. Kaandika Kiswahili cha maabara, wateja wakakisoma kwa Kiswahili cha kituo cha daladala.

Kamusini, athari ni matokeo ya jambo, yawe mazuri au mabaya. Yaliyo mabaya tu ni madhara. Mtaani mizani imelala upande mmoja. Jangwani kukifurika, tunatangaziwa "walioathirika". Na mtu akinong'onezwa kuwa "ameathirika", nani huuliza kaathirika na nini? Kila mtu anaelewa ni virusi vya UKIMWI. Sasa neno lenye mzigo huo umelitundika juu ya jagi la kinywaji, tena ukalitaja pamoja na ubongo, katika mji unaoitwa Bongo! Wangekosa kushtuka?

Najua utashawishika kuandika "zinazochochea". Lingependeza, ila si sahihi. Ndani ya seli, habari hupita mkono kwa mkono. Kipokezi kilichoko kwenye utando wa seli kikiguswa, protini moja huibandikia nyingine fosfeti (kipande kidogo cha kemikali), hiyo nayo huamka ikaibandikia ya tatu, hadi habari ifike kwenye kiini na jeni fulani ziwashwe. Umewaona vibarua wanavyopeana ndoo za zege kutoka chini hadi ghorofani? Ndivyo hivyo. Flavonoidi hujipenyeza katika mstari huo: kibarua huyu akaongeza kasi, yule akazubaa. Zamani zilisifiwa kwa kupambana moja kwa moja na kemikali zinazochakaza seli, lakini kiasi kinachofika ubongoni baada ya mlo ni kidogo mno kwa kazi hiyo, ndipo watafiti wakazigeukia ishara, yaani hizi habari zinazopita ndani ya seli. Kwa kuwa zipo zinazoharakishwa na zipo zinazozuiwa, kitenzi salama ni "kubadili".

Na kinachobadilishwa kiite "kupokezana ishara", kama wakimbiaji wanavyopokezana vijiti. Wapo wanaoandika "seli kuashiria". Mawingu huashiria mvua. Seli haiashirii kitu, inapeleka habari.

"Mishipa" nayo ina mitego. Kuna ya damu, kuna ya fahamu, na ukimwambia mzee wa Pwani kwamba fulani ana mshipa, atampa pole ya ngiri. Mwanao alikusudia niuroni, yaani seli za neva. Kwenye bango, "seli za ubongo" zinatosha.

(Flavonoidi yenyewe imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya njano, ingawa zilizo kwenye rozela yako ndizo zinazoipa wekundu. Usibishane na mteja kwa hilo.)

Limebaki jambo dogo lenye uzito. Mengi ya haya yameonekana kwenye seli zilizooteshwa maabara na kwa panya, mara nyingi kwa vipimo ambavyo glasi moja haivifikii. Kwa hiyo usiseme "hubadili", maana hiyo hu- ya mazoea hulifanya jambo lionekane limeshathibitika, kama jua huchomoza. Tumia "huenda", ukikumbuka kwamba kitenzi kinachofuata hupenda -ka-:

"Rozela ina flavonoidi. Huenda zikabadili namna seli za ubongo zinavyopokezana ishara."

Kiswahili hapo kimenyooka. Ila mtu aliyeshuka kwenye daladala saa nane mchana, shati limemganda mgongoni, hatasimama kuyasoma yote hayo. Ningekuwa wewe ningeandika "Rozela ya baridi", na bei chini yake.