Maswali ya Wasomaji: Kamati za Kujitolea katika Chama cha Wahasibu

Barua tatu tulizopokea mwezi huu zinahusu jambo moja, nazo tumemkabidhi mhasibu mstaafu anayejibu ukurasa huu. Tumezifupisha, na kwa ombi la waandishi hatukutaja miji yao wala vyama vyao.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nilimaliza mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa kitaaluma, miaka minne iliyopita na sasa ninatunza hesabu katika kampuni ya uchukuzi. Mwenyekiti wa tawi la chama chetu amenipigia simu akinitaka niingie katika kamati ya mafunzo. Hakunipa barua wala hakutaja muda. Meneja wangu anasema hizo ni kazi za watu waliokwisha kustaafu. Mimi mwenyewe naona haya kukataa, kwa kuwa mwenyekiti huyo ndiye aliyenifundisha kazi nilipokuwa mwanagenzi. Je, nikubali? Na je, saa nitakazotumia huko zitahesabiwa kuwa mafunzo endelevu? — *Mhasibu kijana, Pwani ya Kenya*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ningependa ukubali, lakini usikubali kwa simu.

Nianze na sababu ya kutaka ukubali. Kamati ya mafunzo ya tawi ndiyo inayoamua wahasibu wa mji wako wajifunze nini, wafundishwe na nani, na lini, na maamuzi hayo hayawezi kufanywa vyema na mtu aliyeko makao makuu asiyejua kwamba wengi wenu mnahudumia makampuni ya bandarini, mahoteli na vyama vya ushirika, ambavyo kila kimoja kina matatizo yake ya hesabu. Hata kupanga tarehe tu kunahitaji mtu aliye kazini: mwanakamati aliyestaafu zamani anaweza kuitisha semina katika siku zinazokaribia tarehe 20, wakati kila mhasibu anahangaika na ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, kisha akashangaa ukumbi ukiwa nusu tupu. Ndiyo maana simkubalii meneja wako. Kamati iliyojaa wastaafu peke yao, nami nikiwa mmoja wao, hupitwa na mambo haraka sana.

Kuhusu barua, sharti kwanza uelewe kamati hiyo inasimama wapi. Kwa sheria ya zamani ya mwaka 1977, kazi za taaluma yetu nchini Kenya ziligawanywa kati ya vyombo vitatu: Kasneb ilitahini, bodi maalumu ikasajili, na ICPAK, iliyoanza mwaka 1978, ikawa chama cha wanachama. Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008 ndiyo iliyoipa ICPAK kazi ya usajili, na humo humo zimetajwa kamati zenye nguvu za kisheria, kama ile ya usajili na uhakiki wa ubora na ile ya nidhamu. Kamati ya tawi haimo katika kundi hilo. Haina uwezo wowote isipokuwa ule iliopewa kwa maandishi na walioiunda, na ikiwa haikupewa chochote kwa maandishi, basi ni kikundi cha marafiki wanaokutana Jumamosi. Siku kamati itakapoahidi malipo kwa mtoa mada na ukumbi ukadai fedha zake, utatamani sana kuwa na karatasi inayoonyesha nani aliidhinisha.

Kwa hiyo mwandikie mwenyekiti umshukuru kwa kukukumbuka, kisha umwombe barua ya uteuzi pamoja na hadidu za rejea za kamati, zinazoeleza kazi yake ni ipi, inaripoti kwa nani, ina mamlaka gani juu ya fedha, vikao ni vingapi kwa mwaka na uteuzi wako unakoma lini. Tarehe ya kukoma ndiyo inayosahaulika kuliko yote, na ndiyo inayowachosha watu, maana nimewaona wahasibu hodari waliobaki katika kamati moja miaka mingi si kwa kupenda, bali kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba zamu yao imekwisha, hadi wakaacha kuja vikaoni kimyakimya na akidi ikawa haitimii. Kumwomba mwalimu wako barua hakumvunjii heshima. Alikufundisha usilipe fedha pasipo hati ya malipo, na saa zako ni mali kama fedha.

Barua hiyo itakusaidia pia kwa meneja wako. Mpe nakala, umwonyeshe ni saa ngapi kwa mwezi na ni nje ya saa za kazi au la, akubali au akatae akiwa na jambo mahsusi mbele yake.

Sasa mafunzo endelevu. ICPAK huwataka wanachama wake wafikishe saa 40 kwa mwaka, jambo linalolingana na kipimo kilichozoeleka duniani kupitia matoleo ya awali ya IES 7, kiwango cha elimu cha IFAC (shirikisho la kimataifa la wahasibu), yaani saa 120 katika miaka mitatu, huku zisizopungua 60 zikiwa na uthibitisho. Kiwango hicho hutaja ushiriki katika kamati za kitaalamu miongoni mwa shughuli zinazomfunza mhasibu. Lakini angalia neno hilo, kitaalamu. Ukikaa na wenzako mkachambua kiwango kipya cha taarifa za fedha ili muandae mada, umejifunza, na muhtasari wa kikao utakuwa ushahidi wako. Ukitumia Jumamosi nzima kupigia simu hoteli na kuhesabu viti, umekitumikia chama vizuri lakini hukujifunza uhasibu, na si uaminifu kuziandika saa hizo. Waulize chama mapema wanakubali zipi, kabla hujajaza fomu ya mwaka.

Swali: Mheshimiwa Mshauri, ninaongoza kamati ya huduma kwa jamii. Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni, tunaweka meza sokoni na kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuwasilisha ritani zao katika iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, bila malipo. Mwaka huu mwenzetu mmoja, akiwa na foleni ndefu mbele yake, alimwasilishia mama muuza nguo ritani isiyo na mapato yoyote, ile ya sifuri, hali mama yule anapata mapato. Nilipomuuliza alisema alikuwa anajitolea, kwa hiyo hawajibiki. Nimegundua pia kwamba mwingine ameandika nywila za watu katika daftari lake, na wa tatu anagawa kadi za ofisi yake mezani. Nifanye nini bila kuivunja kamati? — *Mwenyekiti wa kamati, Kenya*

Jibu: Ndugu Mwenyekiti, anza na mama, kisha uwageukie wenzako. Kabla ya kikao chochote, mtu wenu amtembelee, amweleze kwa lugha nyepesi kwamba ritani iliyopelekwa si sahihi na kwamba kosa ni lenu, kisha kwa ridhaa yake ifanyiwe marekebisho, jambo ambalo iTax inaliruhusu. Msimfiche kwamba kodi ikionekana inadaiwa italipwa pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Akijulishwa leo, riba itakuwa ndogo; akiligundua mwenyewe baada ya miaka mitatu kwa barua ya KRA, mamlaka ya mapato, hatauamini tena mkono wa mhasibu yeyote, na atawaeleza soko zima.

Mwenzako anayesema hawajibiki kwa kuwa anajitolea amekosea, na ni kosa ambalo lazima lirekebishwe hadharani ndani ya kamati kwa sababu wengi wanaliamini. Kanuni za maadili za kimataifa zinazotufunga zina misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umahiri pamoja na uangalifu unaostahili, kutunza siri, na mwenendo unaoifaa taaluma. Zinapoeleza shughuli ya kitaaluma, huiangalia kazi inayohitaji ujuzi wa uhasibu inayofanywa na mhasibu. Haziulizi kama alilipwa. Mama yule hakuketi kwenye meza yenu kwa sababu ni ya bure. Aliketi kwa sababu juu yake palikuwa na kitambaa chenye jina la chama cha wahasibu.

Hata hivyo, nisingependa umwadhibu mtu na kuuacha mpango uliomkosesha. Foleni ya mwisho wa Juni husukumwa na hofu ya faini, ambayo kwa mtu binafsi anayechelewesha ritani ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa. Mtu aliyebakisha siku mbili, asiye na kumbukumbu za mauzo, anachotaka ni kuondoka na stakabadhi tu, na ritani ya sifuri ndiyo iliyo rahisi kuliko zote: haihitaji karatasi wala hesabu. Anayejitolea, akiwatazama watu arobaini waliosimama juani, hushawishika. Nilipokuwa katika kamati iliyofanya kazi ya namna hii, mwaka wa kwanza tulijivunia idadi ya watu tuliowahudumia, na mwaka uliofuata tukatumia wiki nyingi kurekebisha tulichokifanya kwa haraka. Baada ya hapo tulihamishia meza mwezi wa Aprili. Watu walikuja wachache zaidi kwa siku, tukawapa orodha ya karatasi za kuleta, wakaenda, wakarudi wiki iliyofuata. Juni ilipofika tulibakiwa na waliochelewa kweli, na tuliweza kuketi na kila mmoja. Tulimweka pia mtu wa pili ambaye kazi yake ilikuwa kuisoma ritani pamoja na mwenyewe kabla ya kuituma, na tulikubaliana mapema ni mambo gani hatuyagusi mezani, kama vile mgogoro wa kodi ulioanza zamani au biashara ya ubia isiyo na mkataba. Kumwambia mtu kwa heshima kwamba jambo lake linahitaji ofisi na siku nzima ni huduma pia.

Daftari la nywila lichukuliwe leo, lisingoje kikao kijacho. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata kabla yake msingi wa kutunza siri ulitosha kukataza jambo hilo. Tumieni daftari hilo mara moja tu, kuwapigia simu wahusika na kuwasaidia kubadilisha nywila, kisha liharibiwe mbele ya wanakamati wawili na tukio liandikwe katika muhtasari. Kuanzia sasa mfanyabiashara aandike nywila yake kwa mkono wake mwenyewe. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake au ndugu anayemwamini, kisha aondoke naye.

Ama mgawa kadi, kujitangaza si haramu kwa mhasibu, mradi asiseme uongo wala asiidhalilishe taaluma. Tatizo ni mahali. Mteja yule alikijia chama, na mwanakamati anayemgeuza kuwa mteja wake ameanza kuwa na sababu ya kuwachagua wa kuwahudumia vizuri na wa kuwapitisha haraka, na huo ndio mgongano wa maslahi. Kamati ipitishe azimio kwamba hakuna kadi mezani, na kwamba mtu akihitaji mhasibu wa kudumu apewe orodha ya wanachama wote wa mji huo wenye leseni. Watakaoona azimio hilo ni zito wataondoka wenyewe, na kamati haitakuwa imevunjika kwa kuwapoteza.

Swali: Ndugu Mshauri, mimi ni mweka hazina wa kamati ya maandalizi ya mkutano wa mwaka wa chama chetu. Mwenyekiti alichukua masurufu, yaani fedha za kutanguliziwa, ya safari na manunuzi miezi minne iliyopita na hajayarejesha. Kila nikimkumbusha husema sisi sote ni wahasibu, tunaaminiana. Ni mtu mzima kwangu na ni mkubwa wangu kazini. Sasa anaomba masurufu mengine. — *Mweka hazina, Tanzania*

Jibu: Ndugu Mweka Hazina, usimpe ya pili kabla hajarejesha ya kwanza. Utaratibu huo unausimamia kazini kwako kila siku kwa madereva na makarani, na huwezi kuulegeza kwa mtu anayejua zaidi yao kwa nini upo.

Kwa kuwa ni mkubwa wako, mwendee kwanza ana kwa ana, faraghani, umwamkie kama ipasavyo, na umpelekee fomu ya marejesho uliyokwisha kuijaza sehemu unazozijua, ili abakiwe na kazi ndogo. Mara nyingi anayechelewa si mwizi. Amepoteza stakabadhi na anaona aibu. Mwambie kwamba nauli ya bodaboda isiyo na stakabadhi huandikiwa maelezo na kusainiwa, na kwamba salio, hata likiwa dogo, huingizwa benki na hati ya benki ikaambatanishwa. Mweleze pia, maana katika kamati za kujitolea jambo hili huchanganywa, kwamba kurudishiwa nauli si posho, na kwamba kama kamati haikupitisha posho, basi hakuna anayejikatia.

Hilo la kuaminiana nitalijibu kwa ufupi. Fedha hizo ni ada za wanachama ambao hawakuwapo mlipokuwa mkiaminiana. Ikiwa nyote wawili mmesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu ya Tanzania, mnabeba wajibu wa kitaaluma hata katika fedha za kamati, na mkaguzi wa chama atakapokuja atakuuliza wewe, kwa kuwa sahihi ya kutoa fedha ni yako.

Akikusikiliza, jambo limekwisha. Wiki mbili zikipita bila jibu, mwandikie barua yenye kiasi, tarehe aliyochukua na tarehe unayotaka marejesho, iwe na nakala kwa katibu wa chama. Akikataa kuipokea, mpelekee katibu, aigonge muhuri wa kupokelewa, nawe uihifadhi katika jalada la kamati pamoja na hati ya malipo aliyoisaini siku alipochukua fedha.