Ukuta wa TV unatoa unyevu: nipige paneli juu yake?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naishi Majengo, Moshi. Ukuta wangu wa TV una upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7. Mwaka jana ulibandikwa shiti za PVC za marumaru kwa silikoni. Masika haya zimeanza kuachia kwa chini, nyuma yake kuna unga mweupe na harufu ya uvundo. Nataka sasa zile paneli za mistari zenye taa. Fundi wangu anasema atazipiga juu ya shiti hizo hizo, zitafunika kila kitu. Nimkubalie? Na ninunue paneli ngapi?

JIBU: Usimkubalie, dada. Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yakifika kwenye plasta yanakauka na kuacha chumvi. Silikoni ikakamata unga, si plasta, ndiyo maana shiti zimeachia. Tena PVC haipitishi hewa, hivyo unyevu uliokosa pa kutokea huzidi kupanda. Ukiongeza paneli juu yake, zenyewe huenda zisioze kama ni za plastiki na unga wa mbao, lakini mbao za nyuma zitaoza, na plagi za skrubu zitachomoka kwenye plasta iliyolegea.

Bandua shiti zote, kisha uangalie alama ya maji. Ikiwa ni mstari ulionyooka chini ya mita moja, maji yanatoka ardhini. Doa la duara sehemu moja, shuku bomba. Doa la juu, panda ukague bati na gata. Halafu toka nje. Mara nyingi udongo au paving imepandishwa hadi juu ya ule mkanda wa nailoni uliowekwa kwenye msingi kuzuia unyevu. Ardhi ya nje inatakiwa iwe sentimita 15 chini ya mkanda huo. Na bustani iliyoegemea ukuta, inayomwagiliwa kila jioni, ni nzuri kwenye picha tu. Kama nyumba haina mkanda kabisa, tafuta fundi wa kutoboa mstari wa tofali za chini na kuingiza dawa ya kuzuia unyevu. Plasta peke yake haitatosha.

Bomoa plasta hadi sentimita 30 juu ya alama. Sugua chumvi kwa brashi ya waya ikiwa kavu. Ukiosha kwa maji, chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Acha ukuta ukauke, na hapo tunazungumzia wiki, si siku. Plasta mpya iwe saruji 1 kwa mchanga 4, mchanga safi usio na chumvi, na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo cha pakiti. Huku chini usipake skimu ya jipsamu (ule mpako laini wa kumalizia), inanyonya maji.

Kabla ya kununua paneli, bandika kipande cha nailoni nene cha sentimita 45 kwa 45 ukutani, uzibe pande zote nne kwa gundi ya utepe, ukae saa 24. Matone yakiwa upande wa ndani, ukuta bado. Yakiwa juu ya nailoni, ni mvuke wa chumba uliogandia ukuta wa baridi, jambo la kawaida Arusha mwezi Juni na Julai. Hapo dawa ni kufungua madirisha.

Paneli za kusimama zinataka mbao za kulala. Tumia inchi 2 kwa 1 zilizotiwa dawa, mistari 7 kwa kimo chako, takribani sentimita 43 kati ya mstari na mstari, yaani mita 21 za mbao. Kila mstari uachie mapengo ya sentimita 5 ili hewa ipande, na chini na juu ya paneli acha sentimita 1.

Kuhusu idadi: paneli ya kawaida ina upana wa sentimita 16 na urefu wa mita 2.9. 300 gawa kwa 16 ni 18.75, hivyo zinaingia 19, nunua 20. Ila zipachike mbili dukani upime upana unaobaki kuonekana, maana ulimi wa moja hufichwa na nyingine. Ukibaki 15, zinaingia 20, ununue 21. Binafsi ningeweka paneli sentimita 60 kila upande na kupaka rangi katikati: sebule ndogo haichoshi macho, na paneli zinashuka hadi 8 hivi.

Ukifunika hadi nyuma ya TV, angalia breketi, kile chuma kinachobeba TV. Mbao na paneli zinachukua karibu sentimita 5, kwa hiyo skrubu ya sentimita 6 inakamata ukuta sentimita 1 tu. Mahali pa breketi funga kwanza ubao mgumu moja kwa moja ukutani kwa bolti.

Taa: utepe wa mita 5 wa volti 12 unaokula wati 14.4 kwa mita unafikia wati 72, kwa hiyo chukua transfoma ya wati 100. Ikae ndani ya kabati la chini lenye matundu. Ikifungiwa nyuma ya paneli hupata joto, na siku ikiungua itabidi ubomoe ukuta kuifikia.